Utabiri wa Bure

Nilifundisha jiografia kwa miaka ishirini na mitatu katika shule ya upili mjini Malindi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuiona ramani halisi ya hali ya hewa. Niliichora ubaoni kwa chaki. Nilichora mistari ya shinikizo la hewa ikizungukana kama pete za kitunguu kilichokatwa, nikaandika "juu" hapa na "chini" pale, nikawaambia wanafunzi kwamba ajuaye kuisoma ramani hii haloi. Wao waliyaandika hayo kwenye mtihani wakapata alama. Mimi nilirudi nyumbani nikakuta nguo zangu zimenyeshewa kambani, kwa kuwa asubuhi niliyatazama mawingu nikaamua yanapita tu.

Mdogo wangu hakuyasoma hayo. Sisi ni wa baba mmoja mama mmoja, watu wa Mambrui. Mimi nilipenda vitabu, yeye alipenda maji. Alipomaliza darasa la nane akasema basi, akaenda Kilifi, akapata kazi ya kukwangua na kupaka rangi mashua za wageni zinazotia nanga pale kwenye mkono wa bahari. Nilifunga safari hadi Kilifi mahususi kumwambia kwamba kazi hiyo haina mbele. Nilizungumza kutwa nzima. Alinisikiliza, akanipikia chai, akarudi kukwangua. Miaka ikapita, akawa anaziendesha zile alizokuwa akizikwangua. Halafu mume na mke wazee wa kigeni walioishi mashuani walipoona magoti yamekataa kupanda na kushuka, wakamwachia mashua yao kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya wakili, wakarudi kwao. Kwa hiyo yule asiyekuwa na mbele ndiye mwenye mashua katika ukoo wetu. Mimi nina kabati la vitabu.

Nilipostaafu nikaanza kwenda kumtembelea mara kwa mara, nikisema namsaidia. Siku moja, katika kumsaidia huko, nilikuwa nikipekua sanduku moja chini ya kitanda cha mashua nikakuta redio ya masafa mafupi, kubwa kiasi cha mkate wa boflo, imezungushiwa taulo. Pamoja nayo palikuwa na daftari lililoandikwa kwa herufi kubwa na mkono mtulivu: saa, namba za masafa, na ukurasa mzima wa maelezo.

Mdogo wangu akanieleza kwamba yule bibi wa kigeni alikuwa akipokea ramani za hali ya hewa kwa redio hiyo. Kuna vituo vya mbali, ng'ambo huko, vinavyorusha ramani hewani kwa ajili ya vyombo vya baharini, na yeyote mwenye redio huzipokea bila kulipa kitu. Redio hutoa mlio, ukiweka karibu simu yenye programu yake, simu inausikia ule mlio na kuugeuza picha, mstari baada ya mstari, mpaka ramani itimie. Nikamuuliza kwa nini yeye haitumii. Akasema yeye huangalia juu, kisha huangalia maji, na akiwa na shaka hufungua simu, maana pwani yote hii ina mtandao.

Mimi sikusikia habari ya mtandao. Nilisikia "ramani", na nilisikia "bure". Nikamwomba redio, nikaenda nayo Malindi.

Kule nyumbani naishi peke yangu tangu binti yangu aolewe Mombasa. Nikapanda juu ya paa, nikafunga waya mrefu kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye nguzo ya kona, kama daftari lilivyoagiza. Kesho yake jirani yangu akaanika shuka mbili juu yake, akanishukuru kwa kuongeza kamba.

Daftari lilisema 8:30. Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili, nilijua kwamba nane ya kwenye saa ni saa mbili yetu. Basi saa mbili na nusu za asubuhi nikawa juu ya paa, nimevaa mtandio na miwani, simu mkononi. Nilisikia muziki wa Kihindi. Nilisikia mtu akihubiri kwa lugha nisiyoijua, kwa uchungu mwingi. Ramani sikuisikia. Nikarudi siku ya pili, na ya tatu, na wiki nzima ikaisha nikimsikiliza yule mhubiri mpaka nikaanza kumhurumia. Siku ya nane ndipo nikasoma mstari mmoja mdogo juu kabisa ya ukurasa, uliosema kwamba saa zote humu ni za Greenwich.

Greenwich. Mstari niliouchora ubaoni kila mwaka kwa miaka ishirini na mitatu. "Nyuzi kumi na tano, saa moja," niliwaimbisha wanafunzi mpaka wengine wakaniita kwa jina hilo nikiwapa kisogo. Nane na nusu ya Greenwich ni saa tano na nusu yetu. Nilikuwa nikiwahi darasani kwa saa tatu nzima, kila siku, na kuondoka kabla mwalimu hajaamka.

Siku hiyo nikapanda tena saa tano na nusu, jua likiwa utosini. Nikateremsha namba kidogo chini ya ile iliyoandikwa, kama daftari lilivyosema, na ghafla mlio ukaja: kra-kra, kra-kra, kra-kra, kama mtu anayekuna nazi kwa hasira na hataki kusemeshwa. Kwenye kioo cha simu mstari mwembamba ukatokea, kisha wa pili chini yake, ramani ikawa inashuka kama mkeka unaosukwa. Nilikaa kimya kabisa. Nilisahau hata jua. Baada ya kama dakika kumi nilikuwa na Afrika mbele yangu, imelala ubavu kama mtu aliyeshiba, na kisiwa cha Bukini kimekatika vipande viwili, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa. Lakini mistari ilikuwepo. Mistari ya shinikizo la hewa, ya kweli, ikizungukana vilevile nilivyoichora. Sitaficha kwamba nililia kidogo.

Baada ya siku chache nikajua kuinyoosha picha isiinamie upande. Ramani zangu zikawa safi, kila mji na kila kisiwa mahali pake. Nikazionyesha kwa jirani, kwa mwenye duka, kwa fundi wa friji. Ndipo nilipoharibika.

Mwezi huo kaka yetu wa Mambrui alikuwa anamwoza binti yake. Kitanda cha bibi harusi, samadari ya kuchongwa, kilikuwa kimeagizwa kwa seremala wa Kilifi, na ilikuwa kazi ya kutazamwa. Seremala alisema kikipakiwa kwenye lori kitafika na makovu. Mdogo wangu akasema mashua yake inatakiwa kwenda Malindi hata hivyo, atakipakia vipande vipande, matendegu na nguzo na mbavu zake, avifunge kwa turubai, kisha kutoka Malindi kipelekwe Mambrui kwa pikapu kwa mwendo wa taratibu. Ni safari ya siku moja. Ndoa ilikuwa Alhamisi baada ya Alasiri. Tungeondoka Jumanne alfajiri, Jumanne hiyohiyo kitanda kiwe kimefika, wanawake wapate kupamba chumba kwa nafasi.

Nikajitolea kwenda naye kama mtaalamu wa hali ya hewa. Neno hilo nililisema mimi, hakuna aliyenipa. Nikampigia simu wifi yangu, mama wa bibi harusi, nikamwambia asiwe na wasiwasi wowote, mwaka huu kitanda kinasafiri kwa ramani.

Tukatoka Kilifi saa kumi na mbili asubuhi, kusi likivuma kwa upole nyuma yetu. Mdogo wangu alishika usukani. Mimi niliupandisha waya wangu juu ya mlingoti, sambamba na kamba inayopandisha tanga, nikaweka redio kwenye ngazi ya chumba, simu kando yake. Saa tano na nusu tulikuwa tunaikaribia Watamu. Mlio ukaja, mzuri, wa nguvu, nami kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya nilikuwa na mwanafunzi.

Sikuweza kujizuia. Nikaanza tangu mwanzo. Nilimweleza shinikizo la juu, nikamweleza la chini, nikamweleza kwa nini upepo haukati moja kwa moja bali unazunguka. Alikuwa ameketi hatua mbili nyuma yangu na upepo ulikuwa unayabeba maneno, kwa hiyo nikapaza sauti kama ya darasa la watu hamsini. Nilipotupa jicho kwenye simu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye ramani zangu za paani: ukanda mweusi mpana, wenye madoa, umelala juu ya bahari kutoka Malindi kwenda mashariki.

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba ukanda kama huo si wa kuchezea. Kadiri nilivyoeleza, ukanda ulizidi kuwa mnene. Nikamwambia hii ndiyo faida ya redio, kwa kuwa ukiwa baharini huna mtandao, na hapohapo simu ikaita. Alikuwa wifi, anauliza tumefika wapi. Mlio ukakatika, na sehemu yote ya chini ya ramani ikabaki nyeupe.

Nikamwambia wifi kwamba kuna dhoruba. Nikamwambia mdogo wangu tuingie Watamu. Yeye akaangalia juu, akaangalia maji, halafu akaniangalia mimi kwa muda mrefu kuliko alivyoviangalia vile viwili.

"Mimi sioni kitu, Dada," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyesoma."

Akaugeuza usukani, tukapita mlango wa mwamba, tukatia nanga.

Watamu siku ile ilikuwa kama picha ya kalenda. Maji yalikuwa ya kijani, hayana hata kunyanzi, na wageni walikuwa wakielea chali, tumbo juu. Niliketi juu ya mashua nimejifunga koti la mvua. Mdogo wangu aliponiuliza kwa adabu kama dhoruba imechelewa, nikamwambia huo ndio utulivu unaotangulia, na nikamweleza utulivu huo unasababishwa na nini. Ilipofika Magharibi nilikuwa nimelivua koti kwa sababu ya joto, lakini nikaliweka karibu.

Jumatano, saa tano na nusu, nikamwita aketi karibu nami aone mwenyewe. Nilikuwa na mengi ya kusema siku hiyo, maana nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Ramani ilipokamilika ilikuwa na kanda tatu nyeusi, mbili zikiwa baharini na ya tatu imekatiza nchi kavu mpaka kwenye maziwa makuu. Nikasema dhoruba imezaa. Nikampigia wifi. Yeye akaniambia kwamba huko Mambrui jua linawaka, ameanika mikeka, na ukwaju wake umekauka mpaka unapasuka. Akauliza kwa nini wasitume pikapu Watamu ije ichukue kitanda, tubaki sisi na hiyo dhoruba. Nikamjibu kwamba kitanda kile si cha kurushwarushwa barabarani. Akasema haya, Inshallah, kwa ile sauti ambayo mtu huitumia akiwa hana la kumwambia mwalimu.

Alhamisi ikafika, siku ya ndoa yenyewe. Mdogo wangu aliamka mapema, akalegeza kamba za tanga, akaviweka vitu tayari. Mimi nikasema tusubiri ramani ya saa tano na nusu, tuamue kwa elimu. Akasema sawa. Akashuka ufukweni kwa mtumbwi, akarudi na mahamri ya moto kwenye gazeti.

Mlio ulipoanza nilifungua mdomo, naye akanitia hamri mkononi, akasema kwamba mimi sijala kitu tangu asubuhi. Ilikuwa kweli. Nikatafuna. Ramani ikashuka safi, Uarabuni na Somalia hadi Lamu, mstari kwa mstari, kama zile za paani. Nikameza, nikasema kwamba hapo sasa ndipo tuangalie kwa makini, na mistari mitatu ikatoka myeusi tii. Mdogo wangu akanitia hamri la pili. Nikatafuna. Ramani ikawa safi. Nikameza, nikasema, "Umeona?" na mstari mweusi ukatokea.

"Nimeona," akasema. "Dada, ukinyamaza bahari inatulia."

Nilibaki na kipande cha hamri shavuni. Nikainama karibu na simu, nikasema polepole, "Bukini." Doa dogo jeusi likatokea, pana kiasi cha neno lenyewe. Simu haikuwa inasikia redio peke yake. Ilikuwa inasikia kila kilichosemwa karibu yake na kukichora chote pale kwenye ramani. Kule paani sikuwa na wa kuzungumza naye. Ile dhoruba ya Jumanne ilikuwa somo langu la shinikizo la hewa. Zile tatu za Jumatano zilikuwa utangulizi, maelezo na marudio.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akanyanyua nanga kwanza, akaipanga minyororo, ndipo akanijibu kwamba alishuku tangu Jumanne, kwa kuwa nilikohoa na ramani ikafanya doa. Simu yake nayo haikutaja dhoruba. Lakini hakuwa na hakika, na mtu hawezi kumwambia dada yake mkubwa jambo kama hilo bila hakika.

Tukatoka Watamu kama saa sita na robo. Mimi niliketi kimya. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, tangu yeye azaliwe. Simu ilikuwa mapajani kwangu na nilikuwa naitazama ile ramani ya tatu, na chini ya yale madoa yangu niliona jambo: upande wetu mistari ya shinikizo ilikuwa imesongamana, imebanana kama nyuzi za kitambaa. Nilijua maana yake. Hata wanafunzi wa kidato cha pili wanajua maana yake. Upepo utakaza mchana huu. Nikafungua mdomo, nikakumbuka mahamri, nikaufunga. Nikasema moyoni kwamba kwa siku tatu nimesema vya kutosha.

Saa saba na nusu upepo ukaja. Haukuwa dhoruba, lakini ulikuwa upepo wa kweli, na mashua ikalala ubavu mpaka maji yakaanza kuingia kwa pembeni. Mdogo wangu alikuwa ameacha tanga zima juu kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na ndoa. Akalegeza kamba ili alishushe. Tanga halikushuka. Akavuta, halikushuka. Tukatazama juu wote wawili. Waya wangu, niliousahau pale mlingotini tangu Jumanne, ulikuwa umejisokota kwenye ile kamba ya tanga mara nyingi, kama mwari na kungwi wake, na kadiri tanga lilivyotikisika ndivyo ulivyozidi kukaza.

Akaniambia nishike usukani. Sikuwa nimewahi kuushika. Aliniwekea mikono yangu juu yake, akanionyesha jengo moja jeupe ufukweni, akasema niielekeze omo, pua ya mashua, pale na nisiangalie kingine. Nikaangalia pale. Nikasoma Ayatul Kursi, na nilipoimaliza nikaanza tena. Nyuma ya mgongo wa lile tanga nilimsikia akipanda ngazi za mlingoti, moja, mbili, kisu amekiuma kwa meno, na maji yakinipiga usoni kila tukiingia wimbini. Kisha waya ukakatika kwa mlio kama wa uzi wa udi wa taarabu, tanga likaporomoka, mashua ikasimama wima.

Alipolifunga tanga nusu na kurudi tezi, kule nyuma nilipokuwa, maji yakimchuruzika, nilimwambia kwamba nilikuwa nimeona. Nikamwonyesha ramani na mistari iliyobanana. Akaitazama.

"Siku tatu umesema," akasema. "Leo ndiyo umenyamaza."

Akanipokea usukani, akaielekeza mashua Malindi.

Tulitia nanga saa tisa. Hadi tupate watu wa kuvishusha vipande vya kitanda, na pikapu, na dereva aliyekubali kwenda polepole, Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Tulivuka daraja la Sabaki mimi na mdogo wangu tumekaa nyuma, tumezikumbatia nguzo za kitanda, nguo zimetukaukia mwilini kwa chumvi. Tulipofika Mambrui ndoa ilikuwa imekwisha fungwa na watu wameketi, sinia za pilau zimewekwa. Hapakuwa na njia ya kuingia ndani isipokuwa katikati ya wageni. Kwa hiyo matendegu manne, nguzo nne na mbavu za samadari zilipita juu ya vichwa vya watu wakila, kipande kimoja kimoja, na kila aliyepitiwa aliinama kidogo na kuendelea kutafuna. Kaka yangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, mkono mwingine akiwaelekeza wabebaji.

Wifi yangu hakuniambia kitu mbele za watu. Alinishika mkono, akaniingiza chumbani. Palikuwa na godoro chini na mabeseni mawili ya asmini zilizochumwa Jumanne, na mengine mawili ya Jumatano, zote zimesinyaa na kuwa rangi ya chai. Bibi harusi alikuwa ameketi juu ya godoro na hina yake mpaka viwikoni, akaniamkia vizuri, akanikaribisha kama vile nimefika kwa wakati. Wifi akayatazama mabeseni, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "ungekileta kwa punda tungekuwa tumekilalia juzi."

Mdogo wangu ndiye aliyekiunganisha, akiwa na nguo zake za bahari, nyundo mkononi, na wanawake waliovaa mabuibui ya tarizi wakimshikia nguzo. Mimi nilishika misumari. Baadaye niliona kwamba tendegu moja lilikuwa na alama nyeupe ya chumvi, nikaifuta kwa mtandio wangu kabla wifi hajaiona.

Redio ipo mpaka leo, na tunaitumia. Waya sasa una kamba yake yenyewe na unashushwa kila tukimaliza. Saa tano na nusu mimi huwasha, huweka simu, kisha huenda kuketi omo, mbali kabisa, nikiwa nimegeukia mbele. Mdogo wangu ndiye anayeitazama ramani ikishuka. Ndani ya miezi michache alikuwa anaisoma vizuri kuliko wanafunzi wangu wote, na hajawahi kunieleza chochote kuihusu nisipomuuliza.

Lakini jioni ile ya ndoa, nilipokwisha kuoga na kuazimwa nguo, niliketishwa kwenye sinia moja na jamaa wa upande wa bwana harusi waliotoka Ganze, huko bara. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia, ila hazikufika zote. Mama mmoja wa makamo yangu, mikono yake migumu ya jembe, alikuwa amesikia tu kwamba mimi ni mwalimu ninayepokea hali ya hewa kutoka ng'ambo. Akaniuliza kwa utaratibu, bila mzaha wowote, kama mvua za vuli zitakuja. Akanieleza kwamba amebakisha mbegu ya mahindi debe moja. Akiipanda na mvua isije, amepoteza chakula; akiila na mvua ikaja, amepoteza shamba. Mwaka uliopita aliambiwa apande, akapanda, na mvua haikuja.

Nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kumweleza vuli inatoka wapi, bahari ikipata joto inakuwaje, pepo zinapogeuka zinageukia wapi, na angenisikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Nikaitazama mikono yake kwenye pilau. Nikamwambia ramani zangu ni za siku moja au mbili, tena za baharini, na kwamba habari ya vuli ya Ganze sijui.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu.

"Wengine wote niliowauliza walijua," akasema, akaniomba nimsogezee kachumbari.